Utepe wa Chungwa kwenye Elmu ya Mwisho

Saa moja na robo asubuhi, Neta Hiebert amepiga magoti kwenye tope. Ameushika mche usiozidi urefu wa mkono wa mtu, na kwa ukucha wa dole gumba anakwangua gome lake, kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Anainama mpaka pua inakaribia kugusa kijiti. Chini ya gome kuna rangi ya kahawia.

"Huu umekwenda," anasema, na kusogea kwa magoti hadi kwenye mche unaofuata.

Hajavaa glavu. Hajawahi kuvaa, na ukucha huo umekuwa mnene na mweusi kama wa fundi wa baiskeli. Ni katikati ya Mei hapa Blumenrode, kusini mwa jimbo la Manitoba, Kanada, lakini mitaroni bado kuna theluji chafu, na upepo wa kaskazini magharibi unapita mashambani bila kitu cha kuuzuia.

Miche iko tisa, yote ya elmu, mti mkubwa wa kivuli wa nchi za baridi. Ndiyo iliyobaki ya mti uliosimama mbele ya shule ya zamani kwa zaidi ya miaka tisini, ukakatwa kwa makosa Machi mwaka jana. Anayejilaumu kwa kukatwa kwake ni mwanamke huyu huyu aliyepiga magoti. Leo ndipo atajua kama kuna hata mmoja uliopona baridi.

Anakwangua wa pili. Kahawia.

"Huu nao."

Mumewe, Abram, mwenye umri wa miaka 68, amesimama karibu na pikapu akibangua mbegu za alizeti kwa meno na kutema maganda. Ni mtu wa maneno mengi, kijiji kizima kinajua. Asubuhi hii hajasema hata "habari" mara mbili.

Neta ana umri wa miaka 63. Huu ni mwaka wake wa ishirini na saba kwenye kitalu cha miche cha familia ya Penner, na kazi yake ukimuuliza ataitaja kwa neno moja: kuchagua. Yeye ndiye huamua kichaka kipi cha viburnamu na mti upi wa kivuli unaweza kuuzwa kwa watu wa tambarare hii, wakaupande mbele ya nyumba, kanisani au makaburini. Vilivyobaki hung'olewa.

Analipwa dola ishirini na moja kwa saa, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Novemba. Baada ya hapo kitalu hulala na yeye hukaa nyumbani. Mteja akipanda kichaka kikafa Februari, hampigii simu mwenye kitalu. Anampigia Neta.

"Tena wakati wa chakula," anasema. "Nina kijiko mdomoni, mtu ananililia kuhusu kichaka. Namuuliza, ulinunua kwetu? Hapana, alinunua mjini, dukani, kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Sasa mimi nifanyeje? Nikamzike?"

Viburnamu ndiyo anayoipenda kuliko zote. Inatoa maua meupe mwezi Juni, majani yake yanakuwa mekundu Septemba, na matunda ndege huyaacha mpaka Februari, wakati hakuna kingine cha kula. Watu wa hapa huyapika jeli. Jeli ni tamu, lakini wakati wa kuipika nyumba nzima hunuka soksi.

"Mama yangu akiipika, baba alikuwa anahamia zizini," Neta anakumbuka. "Anasema afadhali ng'ombe. Jumapili, mikate ikiwa mezani na kahawa, nani anamaliza chupa? Yeye."

Njia yake ya kuchagua haina siri, na ndiyo iliyompa sifa ya kuwa na roho ngumu. Kila mche mpya hupelekwa kwenye kona ya kaskazini magharibi ya kitalu, ambako hakuna ukuta wala safu ya miti ya kukinga upepo. Wafanyakazi wameipa kona hiyo jina la Siberia. Vijana hucheka wakilitamka. Wazee, ambao babu zao walihamia hapa kutoka Urusi na ndugu waliobaki huko wakapelekwa Siberia yenyewe wasirudi, hawacheki sana.

Huko mche hukaa majira matatu ya baridi. Hauwekewi nyasi wala gunia wala sanduku. Theluji ikiufunika, ni bahati yake. Isipoufunika, shauri yake. Kila Mei Neta huja na ukucha wake. Uliokufa ncha zaidi ya upana wa kiganja, unang'olewa. Uliomaliza majira matatu ukiwa kijani mpaka nchani, anaufunga utepe wa rangi ya chungwa.

Utepe huo una maana moja tu kitaluni: huu umechaguliwa, usiuguse, usiuuze, kutoka kwa huu tutapata wengine. Rangi ya chungwa ilichaguliwa na mwenye kitalu wa zamani kwa sababu inaonekana kwenye theluji. Katika miche 640 ya viburnamu ambayo Neta ameipeleka Siberia, iliyopata utepe ni kumi na mmoja.

Mwenye kitalu huyo wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, alionja ugumu huo yeye mwenyewe. Alikuwa amekuza viburnamu yake kwa mbegu, akataka kuipa jina la mkewe. Majira ya pili ya baridi ikafa ncha. Mzee akaomba ifunikwe mwaka mmoja tu. Neta akaing'oa.

"Hakunisemesha mpaka mavuno," anasema Neta. "Halafu Jumapili moja akaja na mkewe, wamebeba mikate na siagi. Tukanywa kahawa, tukazungumza habari za mvua. Kichaka hakikutajwa."

Mwana wa mzee huyo, Wilf Penner, ndiye mwenye kitalu sasa. Ana miaka 36 na bado anamwita shangazi, ingawa hawana undugu. "Nilipokuwa na miaka tisa alinifukuza kwenye safu zake kwa sababu nilikanyaga," anasema. "Leo mimi ndiye ninayemlipa, na bado ananifukuza."

Elmu ni habari nyingine. Elmu iliyokomaa haishindwi na baridi. Inauawa na mbawakawa mdogo kuliko punje ya ngano, anayeingia chini ya gome akiwa amebeba ukungu. Tawi moja linageuka njano mwezi Julai, wakati mengine yote ni kijani, na watu wakiliona wanaacha kulitazama kwa sababu wanajua. Miti iliyo jirani huambukizana hata kwa mizizi.

Neta akiwa mtoto wa shule, Blumenrode ilikuwa na elmu 164 kando ya barabara. Darasa zima walizihesabu, ilikuwa kazi ya hesabu waliyopewa na mwalimu. Matawi yalikutana juu na mtu aliweza kwenda kutoka nyumba ya kwanza hadi kanisani mvua ikinyesha bila kulowa mabega. Kufikia mwaka juzi zilibaki mbili, zote mbele ya shule ya zamani.

Moja ilikuwa mgonjwa tayari. Nyingine, iliyokuwa hatua ishirini na mbili kutoka hapo, haikuwahi kutoa jani moja la njano. Jirani zake walikufa pande zote kwa miaka arobaini, yenyewe ikasimama tu.

"Nilikuwa naipita kila siku nikienda kazini," Neta anasema. "Ile miaka yote nachagua vichaka vya watu, nikawa najiambia, siku moja nitauchukua huu. Sikuuchukua. Ulikuwa pale, unakwenda wapi?"

Ule mwingine ulipoanza kuwa njano, akashtuka. Akapanga na Wilf wakate vijiti kutoka juu ya mti mzima kabla ugonjwa haujapita chini kwa chini kwenye mizizi. Vijiti vingebebeshwa, yaani kuungwa juu ya mashina machanga ya elmu nyingine, na kila kimoja kingekuwa mti ule ule. Baada ya miaka kumi au kumi na tano ingejulikana kama kweli mti huo unaushinda ugonjwa. Kama unaushinda, barabara nyingi sana za tambarare hii zingepata kivuli tena.

Wilf akakodi gari lenye ngazi ya kupanda juu. Lingekuja Ijumaa, ya pili ya mwezi Machi. Dereva alikuwa mgeni, hakujua mti upi ni upi. Kwa hiyo Jumanne Neta akatoka nyumbani na utepe mfukoni. Akauzungusha kwenye shina la mti mzima, akaufunga vizuri mbele, ili dereva asikosee.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Halmashauri nayo ina alama yake kwa miti ya elmu. Mti mgonjwa unaotakiwa kukatwa hupakwa doa la rangi kwenye shina, na rangi hiyo ni ya chungwa. Watu wa Blumenrode wanalijua hilo na wanaujua utepe wa Penner, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyechanganya. Utepe ni kuchaguliwa, rangi ni kifo. Hata watoto wanajua.

Lakini kazi ya kukata mwaka huo walipewa watu wa nje, kampuni ya mbali. Na gari la kusukuma theluji lilikuwa limepita likarundika theluji kwenye mguu wa mti mgonjwa, juu ya doa.

Alhamisi asubuhi Neta alikuwa anapiga pasi. Akasikia msumeno wa mashine kutoka upande wa shule.

"Nilifurahi," anasema, na hapa anaacha kukwangua. "Andika hivyo. Nilifurahi. Nikasema, afadhali, wamekuja kuukata ule mgonjwa, wangu utapona. Nikamaliza mashati mawili. Halafu nikapika kahawa, nikaweka mikate kwenye kitambaa, nikawapelekea. Si unajua, watu wakifanya kazi kijijini hapa huwaachi bila kahawa."

Alipopinda kona, chupa ya kahawa ikiwa kwapani, mti mgonjwa ulikuwa umesimama. Mwingine ulikuwa chini, umeziba barabara nzima. Utepe ulikuwa bado kwenye shina.

Msimamizi wa wakataji alikuwa Darcy Kowal, kijana wa miaka thelathini hivi. Mazungumzo yao Neta anayakumbuka neno kwa neno, na Darcy, aliyezungumza na mwandishi kwa simu, anayakumbuka vilevile.

"Nyinyi mnafanya nini?"

"Tunakata, mama. Karatasi inasema mti wenye alama ya chungwa."

"Alama ni rangi! Rangi, kwenye shina!"

"Rangi hatukuiona. Tumeona utepe. Utepe huo si wa chungwa?"

Neta akautazama utepe. Darcy akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Kwani nani aliufunga?"

"Mimi."

Kijana akavua kofia yake ngumu. "Pole, mama," akasema. Neta anasema angeshukuru zaidi kama angemtukana.

Sheria hairuhusu mti wa elmu kubaki chini. Lazima usagwe na kuchomwa siku hiyo hiyo, mbawakawa wasipate pa kulala, na mashine ya kusaga matawi ilikuwa inanguruma tayari. Nusu ya matawi ilikwishaingia. Neta akaomba vijiti. Darcy akasema hana ruhusa ya kutoa hata kijiti kimoja.

"Halafu akaniambia, mama, mimi nakwenda nyuma ya lori kuvuta sigara. Sigara ikiisha nawasha mashine upya. Nikamwekea kahawa pale kwenye bampa, nikatoa mkasi wa kupogolea. Uko kwenye koti langu siku zote, hata kanisani. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Kijana alivuta polepole, namshukuru."

Alipata vijiti 31. Akiambiwa kwamba huenda si busara kuyasema haya gazetini, anainua mabega. "Wakitaka kunifunga, waje. Wananijua ninapokaa."

Siku mbili baadaye wakataji walirudi na kuukata mti mgonjwa, na Blumenrode ikawa haina elmu hata moja.

Hakuna aliyemlaumu mbele yake. Pale kijijini watu hawafanyi hivyo. Walimletea chakula, kama mtu aliyefiwa: soseji, viazi, mkate wa matunda. Jirani mmoja aliyesoma naye shule ile alikuja, akaketi, akala mkate wake mwenyewe, akaondoka bila kuutaja mti. Neta anasema hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote.

Kati ya vijiti 31 alivyobebesha kwenye banda la kioo, vilivyoshika vilikuwa kumi na vinne. Kufikia Juni vilibaki tisa. Akavichukua vyote tisa na kuvipanda Siberia.

Wilf alimfuata hadi huko. "Shangazi, jamani, acha hata vitatu ndani ya banda," alimwambia. "Nakupa kona yote." Neta akamwambia asogeze mguu, anakanyaga.

Abram naye alijaribu, Novemba, wakiwa mezani jikoni. Siku hiyo kituo cha hali ya hewa kilikuwa kimetangaza baridi kali na theluji kidogo, na hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo.

"Mama, ifunike ile miche."

"Haifunikwi."

"Mti wenyewe umesimama kwenye baridi miaka tisini. Sasa unaupima nini?"

"Kila aliyeniletea kichaka chake alisema hivyo hivyo."

"Hiki si kichaka cha mtu, Neta. Hii ni elmu yetu."

"Ndiyo maana."

Abram anasema alinyamaza kwa sababu aliuona uso wake. "Hakuwa anaipima ile miche," anamweleza mwandishi pembeni, kwa sauti ya chini. "Alikuwa anajichapa mwenyewe. Nimekaa naye miaka arobaini na moja, nisimjue?"

Majira ya baridi yakawa mabaya kama yalivyotangazwa. Januari ilikuwa na siku kumi na moja za nyuzi 35 chini ya sifuri na zaidi. Theluji iliyoanguka Siberia haikukaa, upepo uliipeleka yote mtaroni. Neta alikuwa nyumbani, dirisha la jikoni likitazama upande wa kitalu, kilicho umbali wa kilomita mbili. Alishona pazia jipya akalining'iniza.

Asubuhi hii, mche wa tatu ni kahawia. Wa nne pia.

Wa tano, anapokwangua, ni kijani.

Anakaa kitako. Mwandishi anaona mabega yake yakishuka, na anadhani ni furaha. Neta anaupangusa mche tope kwa kidole, anautazama kuanzia chini, kisha anatikisa kichwa. Kijani kinaanzia chini na kinaishia kwenye kovu la kuungia. Kilichopona ni shina la kubebea. Kijiti cha juu kimekufa.

"Huyu si wetu," anasema. "Huyu ni mwenye nyumba. Mpangaji amekufa."

Wa sita ni kahawia, na wa saba. Nyuma, sauti ya kubangua mbegu imekoma. Abram ameshika pakiti mkononi bila kula.

Wa nane anaukwangua chini ya kovu. Kijani. Anaukwangua juu ya kovu. Kijani. Anapanda juu, upana wa kidole, upana wa vidole vitatu, hadi nchani kabisa, na kila mahali ukucha unapopita ni kijani kibichi chenye maji. Machipukizi yamevimba.

Hapigi kelele. Anaushika mche kwa mikono miwili kana kwamba upepo utauchukua. Kisha mkono wake unashuka na shina hadi kwenye tope, unapapasa, na unasimama.

"Abram."

"Naam."

"Nani amefunga utepe hapa?"

"Utepe gani?"

"Huu. Wa chungwa. Huku chini kwenye mzizi. Mimi sijafunga utepe mahali popote tangu Machi ya mwaka jana."

Abram anatazama mashambani. "Labda upepo," anasema.

"Upepo umefunga fundo?"

Abram anavua kofia.

"Tena mawili," Neta anasema. "Na mafundo haya ni ya kufungia ndama. Upepo wa hapa umesomea kufuga?"

Basi Abram anasema. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Novemba, mchana, Neta akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Alikuja na gunia la shayiri, akalijaza nyasi kavu, akaufunika mche. Kamba hakuwa nayo. Kwenye pikapu, chini ya kiti, alikuta bunda la utepe ambalo Neta alikuwa amelitupa humo siku ile ya Machi na hakutaka kuliona tena. Akaufunga kwa huo. Katikati ya Machi alirudi kuondoa gunia kabla mkewe hajaanza kazi, lakini utepe wa chini ulikuwa umeganda ndani ya barafu, ukakatika, kipande kikabaki.

"Kwa nini huu?"

"Ulikuwa karibu na pikapu."

Neta anapangusa tope kwenye mafundo kwa ukucha. Mwandishi, aliyesikia habari zake kwa miaka, anangoja hasira. Mche uliofunikwa hauna hesabu, hiyo ndiyo kanuni yake, na kwa kanuni hiyo amewaliza watu wazima. Abram naye anangoja, kofia mkononi.

"Kwa nini gunia moja?" Neta anauliza.

"Nini?"

"Ilikuwa tisa, Abram! Tisa! Kwa nini hukufunika yote?"

Na hapo analia, mikono ikiwa imejaa tope hawezi hata kujifuta, analia kwa sauti shambani, mwanamke ambaye kijiji kizima hakijamwona akilia hata siku mti ulipoanguka.

"Ulisema haifunikwi," Abram anasema.

"Tangu lini unanisikiliza?"

Abram anaweka kofia chini. Anapiga magoti kando yake, mtu mzima mwenye goti bovu, anatoa leso na kumpangusa uso kama mtoto. Halafu Neta anasukuma mkono wake, anavuta pumzi, na kusogea kwenye mche wa tisa, maana kazi haijaisha. Anakwangua.

Kahawia.

Kahawa wanainywa wakiwa wamekalia mlango wa nyuma wa pikapu. Wilf amefika, amehesabu miche kwa macho. Neta anamwambia matokeo jinsi anavyomwambia kila Mei, kwa idadi: saba imekufa, mmoja umepona shina la kubebea tu, mmoja hai, lakini huo ulifunikwa.

"Kwa hiyo tunaandika nini, shangazi?" Wilf anauliza. Anashika daftari la Siberia.

"Andika hakuna uliochaguliwa."

"Lakini huu mmoja..."

"Nimekuambia andika. Baba yako nilimwambia hapana, nikuambie wewe ndiyo? Huu haupati utepe, hauingii kwenye orodha, hauuzwi. Ulifunikwa."

Anatoa mkasi kwenye koti, anarudi kwenye safu, anakata mafundo mawili ya ndama na kutia kipande cha utepe mfukoni.

Mche huo, anasema, ataupanda mbele ya shule ya zamani, hatua sita kutoka kwenye kisiki, mwanzoni mwa Juni udongo ukishapata joto. Halmashauri imekubali, barua ya ruhusa ilikuja kwa siku nne, haraka isiyo ya kawaida, na Neta anaamini kuna mtu ofisini huko anayeona aibu. Kama mti unaweza kuushinda ugonjwa au la, hajui, na hatajua kabla ya miaka kumi na tano.

"Nitakuwa na miaka sabini na nane," anasema. "Au nitakuwa nimelala pale ng'ambo makaburini. Si mbali, labda nitasikia majani."

Hajidanganyi. Mche ni mmoja, na mwembamba kuliko kidole. Sungura anaweza kuumaliza kwa asubuhi moja. Januari nyingine kama hii inaweza kuumaliza pia, maana mbele ya shule hakuna tena mti wa kuzuia upepo.

Kwa sababu hiyo, kahawa inapoisha, anakwenda kwenye safu za viburnamu. Anataka tatu, za kupandwa upande wa kaskazini magharibi wa mche ili zikamate theluji inayokimbia na kuimwagia miguuni pake. Theluji, kwake, si kufunika. Theluji inaruhusiwa.

Abram anaonyesha kichaka kirefu, kilichojaa machipukizi. "Hiki kizuri."

"Kizuri cha picha. Angalia ncha."

Anapita vinne, vitano, anakwangua, anasogea. Anasimama kwenye namba 114, vichaka vifupi vya uzao wa mche mmoja, vimejikunja, mtu wa dukani asingeviweka mbele. Majira tisa ya baridi hapa Siberia, na ni kijani mpaka nchani. Utepe wake umefifia mpaka unakaribia kuwa mweupe. Anavionyesha vitatu kwa kidole, na Abram anaanza kuchimba.

"Vitachukua muda gani mpaka vikamate theluji ya kutosha?" Wilf anauliza.

"Miaka minne. Mitano."

Wote wanne, mwandishi akiwemo, wanavitazama vichaka vile vifupi. Abram ameegemea sepetu, anataka kusema jambo na anaogopa kulisema.

"Sasa ule mche, Novemba hii, mama?" anauliza mwishowe.

Neta anafuta ukucha wake kwenye suruali, anaukagua, anaufuta tena.

"Utaleta magunia," anasema. "Matatu. Na kamba, Abram. Unanisikia? Kamba ya kweli."